Soko likianguka, aliyepunguzwa kazi ana haki gani?



Juma lililopita, nilipokuwa natoka studio jioni na ule upepo wa Ufipa ukivuma kama tuujuavyo, nilimkuta kijana mmoja amejikunyata langoni ndani ya koti zito. Akanisalimu kwa heshima, kisha akasema, "Kaka, ninyi mnasoma sana. Naomba unisaidie jambo moja kabla sijaweka sahihi."

Kijana huyo amefanya kazi miaka 6 na miezi kadhaa katika mashine moja ya kusaga na kukoboa mahindi hapa mjini. Mwaka 2024 kazi ilikuwa ya kupokezana usiku na mchana. Ukame mkali uliikumba Zambia, Serikali ya nchi hiyo ikatangaza janga la kitaifa na kukubaliana na Wakala wetu wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, kununua mahindi ya Tanzania, tani 650,000. Malori yalipanga foleni, wapakiaji wakalala maghalani, na mama ntilie wa jirani walipika mpaka usiku. Mwaka 2025 mvua ikanyesha vizuri Zambia, wenzetu wakavuna mavuno makubwa kupita kiasi walichozoea, na mahindi yetu yakakosa ile njaa ya jirani iliyokuwa ikiyavuta. Mashine ikaanza kusimama siku 2 kwa juma, kisha siku 4. Hatimaye msimamizi akawaita wafanyakazi mmoja mmoja, akawapa karatasi ya kutia sahihi. Karatasi ilisema: "Naomba kuacha kazi kwa hiari yangu."

Swali la kijana lilikuwa hili. Mpwa wake amemwambia kwamba Marekani ipo fedha ya Serikali anayopewa mfanyakazi ambaye kazi yake imeuawa na biashara ya nchi za nje. Je, na sisi tunayo? Kama tunayo, nani anastahili, na anaipata wapi?

Swali hili si la kijana huyo peke yake. Ni la mpakiaji wa Laela, la karani wa ghala Matai, la mtu wa forodhani Kasanga, na la wale watumishi wa miradi ya afya waliopoteza ajira baada ya Marekani kusitisha misaada yake ya nje Januari 2025. Kwa hiyo leo nitajaribu kulijibu hatua kwa hatua.

Tuanze na Marekani

Alichosikia mpwa wake kina ukweli, ila ni ukweli wa jana. Mwaka 1962, wakati wa Rais John Kennedy, Marekani ilipunguza ushuru ili kupanua biashara na nchi nyingine. Walijua mapema kwamba ushuru ukishuka, nguo, viatu na vyuma vya nje vitaingia kwa wingi, na baadhi ya viwanda vyao vitafungwa. Wakatunga utaratibu wa kuwasaidia wafanyakazi watakaoumia, na mwaka 1974 sheria nyingine ikaupanua. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kama Taifa zima linanufaika kwa bidhaa za bei nafuu, si haki hasara yote ikabebwa na watu wachache wa kiwanda kimoja.

Lakini fedha hiyo haikuwa ya kila aliyefukuzwa. Kwanza, kundi la wafanyakazi, au chama chao, au mwajiri mwenyewe, lilipaswa kupeleka maombi katika Wizara ya Kazi ndani ya mwaka mmoja tangu kupunguzwa. Pili, Wizara ilichunguza kama kweli bidhaa za nje, au kuhamishwa kwa uzalishaji kwenda nchi nyingine, ndiko kulikochangia kwa kiasi kikubwa kupotea kwa kazi hizo. Kiwanda kilichofungwa kwa sababu mwenyewe kafuja fedha hakikuingia. Tatu, mfanyakazi mmoja mmoja alipaswa kuonyesha kwamba naye alikuwa katika kundi lililothibitishwa. Waliokubaliwa walipata mafunzo ya kazi mpya, posho wakati wa mafunzo, na msaada wa kutafuta kazi au kuhamia mji mwingine.

Hata hivyo, mamlaka ya Wizara hiyo kuthibitisha makundi mapya yalikoma tarehe 1 Julai 2022, kwa kuwa Bunge lao halikuongeza muda wa sheria. Kwa hiyo hata huko kwenyewe, mlango ambao mpwa amesikia habari zake ulifungwa kwa waombaji wapya.

Na sisi je?

Jibu la moja kwa moja ni kwamba Tanzania haina mfuko maalumu wa mtu aliyepoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje. Si kwamba janga hilo ni geni kwetu. Wenye umri wangu na zaidi tunakumbuka jinsi milango ya biashara ilivyofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, nguo za nje na mitumba zikajaa masokoni, na viwanda vya nguo vya umma kama Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma vikasimama. Mwaka 1992 ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na neno "redandansi" likaingia katika Kiswahili cha mitaani bila kubisha hodi. Maelfu walirudi nyumbani. Hakuna aliyewauliza kama walipunguzwa kwa sababu ya mitumba au kwa sababu ya mashine mbovu.

Na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Sheria zetu hazimwulizi mfanyakazi kwa nini soko limeanguka. Zinamwuliza maswali mengine matatu. Je, ulikuwa mwajiriwa? Je, ni nani aliyeisitisha ajira, wewe au mwajiri? Na je, michango yako ilifika kwenye Mfuko? Anayeweza kujibu maswali hayo kwa ushahidi, na ndani ya siku zilizowekwa, ana haki za kudai hata kama hajui lolote kuhusu bei ya mahindi ya Lusaka. Asiyeweza kuyajibu atatoka mikono mitupu hata kama dunia nzima inajua kwamba soko ndilo lililomwangusha.

Haki hizo zimo katika mafungu mawili. La kwanza ni deni la mwajiri. La pili ni fao kutoka Mfuko wa hifadhi ya jamii. Watu wengi huyachanganya, na kuyachanganya ndiko kunakowapotezea fedha.

Fungu la kwanza: deni la mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwajiri kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji, yaani hali ya uchumi, mabadiliko ya mitambo au mpangilio mpya wa kazi. Kushuka kwa soko la mahindi kunaweza kuwa sababu halali. Lakini sababu halali peke yake haitoshi, maana sheria inataka na utaratibu.

Utaratibu huo unamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake mapema, aeleze ukweli wa hali ilivyo, kisha akae na wafanyakazi au chama chao wazungumze. Wazungumze nini? Kwanza, sababu za kupunguza. Pili, njia za kuepuka au kupunguza hasara hiyo, kwa mfano kupunguza saa za kazi kwa watu wote badala ya kuwaondoa wachache. Tatu, vigezo vya kuchagua nani aondoke. Nne, lini. Tano, malipo. Wasipoelewana, shauri hupelekwa kwenye usuluhishi. Kumwita mtu mmoja mmoja chumbani na kumpa karatasi si mashauriano, hata karatasi hiyo ingeandikwa kwa maneno matamu namna gani.

Baada ya hapo yanafuata malipo. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au kulipwa mshahara badala ya notisi. Analipwa mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi na likizo ambayo hajaichukua. Kama ajira imesitishwa mahali tofauti na pale alipoajiriwa, mwajiri anawajibika kumsafirisha na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au kumlipa nauli, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Angalia vizuri hapo: sheria inataja mahali ulipoajiriwa, siyo kijiji ulichozaliwa. Aliyechukuliwa Namanyere akaletwa kufanya kazi Sumbawanga anarudishwa Namanyere. Aliyetoka kwao Kirando kwa gharama zake mwenyewe, akaajiriwa hapa hapa mjini, hana dai hilo. Mwisho, kila anayeondoka anapaswa kupewa cheti cha utumishi.

Kisha kipo kiinua mgongo. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi analipwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka mmoja uliotimia, na hesabu hiyo inakoma kwenye miaka 10. Tutoe mfano wa hesabu tu. Mshahara wa shilingi 390,000 kwa mwezi, kwa mtu wa siku 6 kwa juma, hugawanywa kwa 26 ukapata 15,000 kwa siku. Siku 7 ni 105,000. Miaka 6 iliyotimia ni shilingi 630,000. Miezi inayozidi juu ya miaka hiyo 6 haihesabiwi, kwa kuwa sheria inasema mwaka uliotimia.

Wako wasiostahili kiinua mgongo. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati. Aliyekuwa na mkataba wa muda maalumu ukamalizika kwa kufika tarehe yake hapati. Hali kadhalika aliyepewa kazi nyingine badala ya ile inayofutwa, akaikataa bila sababu ya msingi, hapati.

Fungu la pili: fao la kukosa ajira

Hapa ndipo tunapokaribia ile fedha aliyoisikia mpwa. Fungu hili lina historia yake. Zamani mwanachama wa mfuko aliyeacha kazi aliweza kwenda kuchukua michango yake akaondoka nayo, na wengi waliita fao la kujitoa. Mwaka 2012 mabadiliko ya sheria yalipoliondoa, kulikuwa na malalamiko makubwa, hususan migodini. Mwaka 2018, pamoja na sheria iliyounda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, likaanzishwa fao jipya kwa ajili ya mtu anayepoteza kazi. Kwa wafanyakazi wa sekta binafsi, mfuko unaohusika ni NSSF.

Nani anastahili? Awe raia wa Tanzania. Awe amepoteza ajira bila kuiacha mwenyewe. Awe hajapata ajira nyingine. Awe hajatimiza miaka 55, maana kuanzia hapo njia yake ni ya pensheni. Na awe amechangia kwa miezi isiyopungua 18. Akitimiza hayo, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa mwezi, kwa muda wa miezi 6. Kwa mshahara wetu ule ule wa mfano, shilingi 390,000, hiyo ni shilingi 129,870 kwa mwezi, na kwa miezi 6 ni shilingi 779,220. Ambaye michango yake haijafika miezi 18 halipwi kwa mwezi, bali hupewa mkupuo wa asilimia 50 ya michango.

Naomba hapa tuondoe utata mmoja. Watu wengi wakisikia "asilimia 33" wanadhani ni ule mjadala wa kikokotoo. La hasha. Kikokotoo ni hesabu ya mkupuo wa mstaafu, ambao uliwekwa asilimia 33 mwaka 2022 na kupandishwa mwaka 2024 hadi asilimia 40 kwa wengi. Hiki tunachokizungumza leo ni sehemu ya mshahara wa mtu asiye mstaafu, aliyekatiwa kazi. Ni vitu viwili, na kila kimoja kina fomu yake.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya kijana wetu: "Naomba kuacha kazi kwa hiari yangu." Unaiona hatari yake? Sahihi moja chini ya maneno hayo inabadili jibu la swali la pili, lile la nani aliyeisitisha ajira. Kwa mwajiri inamwondolea mzigo wa mashauriano na kiinua mgongo. Kwa Mfuko inamweka mfanyakazi katika kundi la watu walioacha wenyewe, na fao la kukosa ajira halikuwekwa kwa ajili yao. Maneno 6 yanaweza kumgharimu mtu zaidi ya shilingi milioni 1, ukijumlisha mafungu yote mawili ya mfano wetu. Nilimwambia asiitie sahihi. Nikamshauri aombe barua inayosema ukweli, kwamba mwajiri amepunguza wafanyakazi kwa sababu biashara imeshuka. Mwajiri mkweli hana sababu ya kuiogopa barua hiyo.

Michango iliyokatwa isifike

Swali la tatu ndilo linalowaliza wengi. Kwa utaratibu wa NSSF michango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya asilimia 10. Mwajiri anatakiwa kuipeleka Mfukoni ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kwisha. Lakini wapo wafanyakazi ambao kila mwezi karatasi ya mshahara inaonyesha makato, na siku ya msiba wa kazi wakifika Mfukoni wanakuta miezi 18 yao ni miezi 11. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usingoje kuachishwa ndipo uulize. Nenda ofisi ya NSSF ukiwa bado kazini, uombe taarifa ya michango yako, uilinganishe na karatasi zako za mshahara. Ukikuta pengo, toa taarifa Mfukoni mapema, maana Mfuko una mamlaka kisheria ya kumdai mwajiri pamoja na adhabu ya ucheleweshaji.

Kibarua naye ni nani?

Msikilizaji wa Mpui au Laela atasema, "Haya yote ni ya watu wa mikataba. Sisi wabeba magunia tunalipwa kwa siku, hatuna barua wala namba ya Mfuko." Kweli, na hao ndio wengi katika biashara ya nafaka ya nyanda hizi. Lakini wasijitoe mapema mno.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka dalili saba. Ikithibitika moja tu kati yake, mtu anachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Dalili hizo ni kama vile kufanya kazi chini ya maelekezo ya mtu mwingine, saa za kazi kupangwa naye, kutumia vifaa vyake, kumtegemea yeye kwa riziki, au kuwa umemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 si nyingi. Ni siku 6 hivi za kupanga magunia ghalani. Kwa hiyo mtu anayeitwa "kibarua" kwa miaka 4 katika ghala lile lile, chini ya msimamizi yule yule, anaweza kuwa mwajiriwa machoni pa sheria hata kama hakuwahi kupewa karatasi.

Na kuhusu karatasi, sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na ayatunze kwa miaka 5 baada ya ajira kwisha. Shauri likifika mezani na mwajiri akashindwa kuyaonyesha, ni juu yake kuthibitisha kuwa madai ya mfanyakazi kuhusu masharti hayo si ya kweli. Kwa hiyo mfanyakazi asife moyo eti kwa sababu hana mkataba. Aandike mwenyewe katika daftari: tarehe aliyoanza, malipo ya kila siku, jina la msimamizi, wenzake waliokuwapo. Ujumbe wa malipo ya simu nao asiufute.

Hata hivyo tusidanganyane. Mwanamke anayepepeta mahindi leo kwa tajiri huyu na kesho kwa yule, mvuvi wa Kirando anayegawana samaki na mwenye chombo, au mkulima aliyekosa mnunuzi, hao ni vigumu kuingia humo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, wengi walikaa ufukweni bila kipato, na hapakuwa na mwajiri wa kudaiwa kiinua mgongo. Wanaweza kujiunga na hifadhi ya jamii kwa kuchangia wenyewe, na vikundi vinaweza kuomba mkopo wa Halmashauri. Lakini mkopo ni mkopo. Hurejeshwa, na si fidia ya kazi iliyopotea.

Siku 30 si mwezi wa kufikiri

Sasa niseme habari ya muda, maana haki nyingi hufia hapo. Mfanyakazi anayeona ameachishwa isivyo halali anapaswa kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipositishwa. Madai mengine, kama mshahara au likizo isiyolipwa, yana siku 60. Anayetaka kupinga kuachishwa isivyo halali awe amemfanyia mwajiri huyo kazi kwa miezi isiyopungua 6. Tume ina ofisi hapa Sumbawanga, hailipishi ada ya kufungua shauri, na shauri lako unaweza kulieleza kwa Kiswahili. Fomu ni ile namba 1, na nakala yake lazima imfikie mwajiri. Kwanza mtakaa kwa usuluhishi, ambao muda wake ni siku 30. Mkishindwa kupatana, shauri huenda kwa mwamuzi. Asiyeridhika huenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Wengi huambiwa na mwajiri, "Subiri mwisho wa mwezi ujao, tutakuita." Wanasubiri kwa adabu. Siku 30 zinapita. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza sababu za maana, na "niliambiwa nisubiri" si sababu inayokubaliwa kirahisi. Subira huvuta heri, lakini kwa jambo hili peleka fomu kwanza, kisha subiri ukiwa na nakala yenye mhuri mfukoni. Kufungua shauri hakukuzuii kuendelea kupatana na mwajiri wako.

Kama nani anadhani karatasi ni jambo dogo, na akumbuke wazee wetu waliokuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977. Nchi tatu zikatiliana sahihi makubaliano ya kugawana mali na madeni mwaka 1984. Wazee wa Tanzania wakafika hadi mahakamani, na makubaliano ya kuwalipa yakapatikana mwaka 2005, miaka 28 baada ya kazi yao kukoma. Hata hapo kila mmoja alipaswa kuhakikiwa utumishi wake. Wengine walikwisha kutangulia mbele ya haki, na warithi wakabaki wakitafuta karatasi za marehemu katika masanduku ya bati.

Neno la mwisho

Kwa waajiri wa mashine na maghala ya nyanda hizi: soko linapanda na kushuka, hilo si kosa lenu. Lakini mfanyakazi aliyewabebea magunia usiku mwaka 2024 si gunia la kushushwa njiani lori likizidiwa. Kaeni naye, mwambieni ukweli, mpeni barua ya kweli.

Kwa Serikali nina hoja moja. Mara nyingine soko haliangushwi na mvua ya jirani bali na amri. Tumewahi kuzuia mahindi yetu yasivuke mpaka, kwa mfano mwaka 2011 na mwaka 2017, na Kenya nayo ilizuia mahindi yetu kwa siku chache Machi 2021 kwa madai ya sumukuvu. Huenda amri za namna hiyo zina sababu njema, kama kulinda chakula cha Taifa. Lakini anayelipia amri hiyo kwa kukosa mkate ni mtu wa ghala la Sumbawanga, ambaye hakuulizwa. Wamarekani waliwahi kukiri katika sheria kwamba uamuzi wa biashara una majeruhi wake. Nasi tunapofunga au kufungua mpaka, je, haifai siku hiyo hiyo maafisa kazi wahesabu ni kazi ngapi zitasimama, na mafunzo ya ufundi yaelekezwe kwa watu hao kwanza? Sisemi tuige mfuko wa kigeni. Nasema tuanze kwa kuwahesabu.

Na kwa mfanyakazi: usitie sahihi usichokielewa, kagua michango yako ungali kazini, hesabu siku 30 tangu siku ya kwanza.

Kijana wetu alirudi juzi. Hakutia sahihi. Amepeleka fomu yake Tume, na amekwenda NSSF akakuta michango yake ina pengo la miezi 4, ambayo bado hajajua itaishia wapi. Aliniambia wenzake 5 walikwisha kutia sahihi kabla hajafika kuniona. Kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya watakaoitwa chumbani juma lijalo, ndiyo maana nimeyasema haya leo.